Malalamiko Kuhusu Breki Nzuri Mno za Trela ya Mashua

Ephantus Kagiri,
Mwenye Ploti, nyuma ya kanisa,
Kawangware.
Jumapili.

Kwa Katibu,
Umoja wa Mafundi wa Trela na Mikokoteni,
Olympic, Kibera.

Ndugu Katibu,

KUH: FUNDI WESONGA NA BREKI ZINAZOSHIKA KUPITA KIASI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mafundi wote walio chini yako, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni Wesonga, na kumhusu yeye bado sijaamua nimtakie nini.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mtulivu, na tangu nizaliwe nimeandika malalamiko rasmi mara mbili tu. Mara zote mbili yalihusu jogoo yuleyule. Kwa hivyo ukiona nimeshika kalamu tena, jua mambo yamenifika shingoni.

Ndani ya ploti yangu kuna mashua. Tafadhali usirudi kuisoma sentensi hiyo mara ya pili, nimeandika sawasawa. Jeconia, mpangaji wangu wa chumba namba nne, ni seremala kutoka Mbita, kando ya Ziwa Victoria, na kwa miaka tisa amekuwa akiiunda hapa uani kwa mbao zinazobaki anapotengeneza vitanda vya watu. Ukiichungulia vizuri upande wa nyuma utaona bado ina maua ya kichwa cha kitanda. Siku aliyoanza alimwahidi mkewe, Filister, kwamba mashua ikiisha wataipakia kwenye trela, waifunge nyuma ya pikapu ya shemeji, na warudi kwao moja kwa moja. Nilimpa baraka zangu zote. Nilijua vitanda vya Kawangware havibakishi mbao nyingi.

Lakini mashua iliisha, na trela ikapatikana. Ndipo nikamwambia Jeconia kwamba trela isiyo na breki itamsukuma kwenye mteremko wa Mai Mahiu mpaka afike Narok bila kupenda. Akaweka breki ya mkono. Nikamwambia hiyo ni ya kuzuia toroli ya mchanga. Akaweka breki za waya kwenye magurudumu mawili. Nikamwambia waya hunyooka. Ndugu Katibu, nilikuwa nikisema hayo kama mtu anayemwambia mwenzake kaa kidogo. Yeye akasikia ushauri wa kiufundi.

Mwishowe aliniuliza fundi gani anafaa kuziboresha, nami nikamtaja Wesonga wenu. Nilimtaja kwa makusudi kabisa. Dada yangu Wakarima, anayeuza mboga kule Satellite, alimpa mkokoteni abadilishe gurudumu moja kabla ya Krismasi, akaupata baada ya Pasaka. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu wangu. Matokeo yake ni haya yafuatayo.

1. Wesonga alimaliza kazi siku aliyosema. Alisema Ijumaa, na Ijumaa saa nne asubuhi breki zilikuwa tayari. Nimeishi Nairobi maisha yangu yote, sijawahi kufanyiwa kitu kama hicho. Kila fundi ana kesho yake, na wateja tumezoea kupanga maisha yetu kwa hiyo kesho. Nilipomwendea kumuuliza yake imeenda wapi, alifuta mikono yake akanijibu: "Mzee, Jeconia aliniambia mama ya Filister amebaki solo huko ocha kwao kijijini, na macho yake haioni poa. Hiyo sasa siwezi weka kesho." Nakuuliza wewe kama kiongozi, hilo ni jibu gani la fundi?

2. Kazi yenyewe ni nzuri mno. Aling'oa waya zote, akaweka breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne, tena za aina isiyoshika kutu trela inaposukumwa majini kushusha mashua. Breki zisizoogopa maji, katika ploti ambayo mfereji wake haujatoa tone tangu Jumanne! Kisha wakaamua kuzijaribu kwenye mteremko wa Satellite, na kwa kuwa walihitaji uzito ndani ya mashua, nikajitolea. Nakiri nilikuwa na matumaini kwamba zitashindwa kidogo, hivi hivi tu, bila kuumiza mtu. Jeconia alinipigia kelele kutoka kwenye pikapu, "Guka, shika mahali!" Nikashika kofia. Trela ilisimama hatua moja kutoka kibanda cha Wakarima, na hakuna hata nyanya moja iliyoanguka. Aliyeanguka ni mimi, kifudifudi, mbele ya watu wanaonilipa kodi. Wakarima bado anacheka, na mimi nanunua sukuma wiki kwingine.

3. Ploti itapata hasara isiyofidika. Kamba za nguo za vyumba vyote tisa zimefungwa kwenye mashua hiyo, mbele na nyuma. Akina mama wa kanisa la Filister hufanyia maombi yao ya Alhamisi kivulini mwake. Kuku wa Tracy wa chumba namba saba, mke wa jogoo niliyemtaja, ameatamia mayai kule mbele, na kwa hesabu za Tracy vifaranga wataanguliwa njiani, pengine Narok, na sijui watajiita wa wapi.

Kuna jambo lingine chini ya hoja hii ya tatu ambalo sikutaka kuliandika. Jeconia alipigilia ubao wa drafti kwenye kiti cha katikati cha mashua. Tangu mke wangu afariki, miaka mitatu sasa, Jeconia huacha randa yake saa kumi kila siku, anakuja na chai kwenye chupa, tunapanda mashuani na kucheza kwa vifuniko vya soda mpaka Filister aite watu wa chakula. Wiki ya kwanza baada ya mazishi sikuweza kuongea, naye hakuniuliza kitu. Alipanga tu vifuniko. Mimi najua kukodisha vyumba, Ndugu Katibu. Chumba namba nne kitapata mtu ndani ya siku mbili. Ile saa kumi sijui nitampangisha nani, na inanitia huzuni kubwa.

4. Nimeingizwa majini bila idhini yangu. Kule ziwani kila mashua huwa na jina ubavuni, na Jeconia alikuwa ameliacha la kwake wazi muda wote huo. Breki zilipokubali, siku hiyohiyo alichukua rangi nyeupe akaandika GUKA. Ndivyo watoto wa ploti wanavyoniita, yaani babu kwa Kikuyu, na wapangaji wakubwa nao wameshika hapohapo. Mimi sijui kuogelea. Ziwa lenyewe nimeliona kwenye kalenda. Sasa jina langu litakuwa likipigwa na mawimbi huko, likibeba samaki wa omena na watu nisiowajua, na hakuna aliyeniuliza. Nilipotaka kulalamika hapo hapo, nilijikuta nikimshikia kopo la rangi.

Kwa sababu hizo nne, naomba Umoja wenu ufanye yafuatayo. Kwanza, mumwamuru Wesonga aondoe breki hizo, au angalau mbili, na muda wa kuziondoa uwe ni ule aliompa Wakarima. Pili, ikiwa kanuni zenu hazimruhusu fundi kuharibu kazi yake, basi mwandike kwa wanaohusika na barabara, muwaombe waongeze mteremko wa Mai Mahiu mpaka breki hizo zionekane hazitoshi. Tatu, na hili naona ndilo la busara kuliko yote, muishauri serikali ilete ziwa hapa Kawangware. Nina kipande cha shamba nyuma ya ploti, karibu robo ekari, nilichoachiwa na baba yangu, nami nakitoa bure. Mashua itasukumwa kwa mkono hatua thelathini, pasipo trela wala breki wala Wesonga. Mama yake Filister ataletwa na ziwa hilohilo akae chumba namba tano, ambacho kina jua la asubuhi, na mfereji wetu nao utapata pa kujifunzia.

Nisalimie mafundi wote wa Olympic, wauzaji wa vyuma, na yule dada wa uji mlangoni mwenu aliyenipa kiti nilipokuja kumtafuta Wesonga. Wakarima pia anawasalimu, ingawa hatuongei.

Ni mimi, mwenye ploti na mwenye kinyongo,

Ephantus Kagiri

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha hii nililala chini ya trela na suti yangu ya kanisani, nikawaomba Tracy na wenzake waisukume na kuifunga breki mara kadhaa huku nikiangalia. Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, linachelewa kushika. Ni kidogo sana, mtu asiyejali hawezi kuona. Tafadhali sahau yote niliyoomba hapo juu, hata lile la ziwa. Mtume Wesonga aje alirekebishe, maana wanaondoka Jumamosi asubuhi, na kwenye mteremko ule watakaokuwa mbele ya trela ni Jeconia na Filister. Na akithubutu kukuambia kesho, mwambie Guka amekataa.