Miche ya Mwalimu Bartolomeo Imepandwa Kanisani

Kwa Mama Eveline,
Mkurugenzi, Kitalu cha Parachichi Shina Moja,
Mbeya.

Mama Mkurugenzi, shikamoo.

YAH: KUTELEKEZWA NJIANI NA MSIMAMIZI WANGU, BWANA SILVESTER KALINGA

Mimi ni Lusekelo Mwasomola, dereva wako wa Canter, mwezi wa pili wa majaribio. Nakuandikia kwa heshima zote ambazo Bwana Kalinga hakunionyesha. Njia ya Iringa sikuwahi kuipita na mzigo. Kwa utaratibu wa ofisi, msimamizi humsindikiza dereva mgeni safari ya kwanza na kumtambulisha kwa wateja. Nilimsubiri getini saa kumi na moja alfajiri, dakika kumi na tano nzima. Nikaona niondoke, maana miche mia tano na ishirini haiwezi kuteseka kwa sababu ya usingizi wa mtu mmoja. Hadi nafika Makambako nilikuwa nimempigia simu mara tisa, haikupokelewa. Yaliyonipata ni haya:

1. Karatasi ya wateja iliandikwa "Kihesa, Mwalimu, miche 120." Basi. Kihesa ukiuliza mwalimu unapewa wa kila aina. Bodaboda wa kwanza alinipeleka kwa mwalimu wa udereva, ambaye alinikosoa namna nilivyoegesha gari. Wa pili akasema, "Mwalimu yuko kanisani, anafundisha kwaya." Nikaenda.

2. Hapo kanisani, kwa Walutheri, wazee wa kanisa waliishusha ile miche kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa vibarua wetu. Nilidhani ni ukarimu. Kumbe ibada imekwisha na mnada wa sadaka umeanza. Mahindi yameshauzwa, jogoo ameshauzwa, inafuata miche. Nilinyoosha mkono kueleza kwamba ile ni mali ya ofisi. Mzee Yakobo, aliyekuwa akinadi, akasema kwa utulivu, "Mgeni wetu wa Mbeya ameongeza." Nikanyoosha mikono yote miwili. Akasema, "Ameongeza tena." Kwa hiyo, Mama, nakujulisha kwamba nimenunua miche yako ishirini. Iliyobaki waliinunua waumini, wakairudisha kanisani kama zawadi, nami nikaona aibu kuondoka na yangu. Vijana waliipanda yote kuzunguka uwanja kabla sijamaliza chai. Mchungaji akaiombea. Sijui utaratibu wa ofisi wa kung'oa mche ulioombewa. Msimamizi ndiye angejua.

3. Mwenye oda, Mwalimu Bartolomeo, ni mwalimu mstaafu, na ni Mkatoliki. Mzee Yakobo ndiye aliyenipeleka kwake, naye akaja kuitazama miche yake ikiwa imesimama kwa Walutheri. Alizunguka uwanja mzima, mimi nyuma yake. Mwisho akasema, "Wameipanda vizuri kuliko ambavyo ningeipanda mimi." Wamekubaliana kwamba matunda ya kwanza ni yake. Hii ni aibu kwa ofisi, kwani amani hiyo imepatikana bila msimamizi.

4. Ilula ilikuwa "Mama Blandina, miche 400." Kwenye meza za nyanya pale barabarani mama mmoja aliniambia, "Ndiye mimi. Umeniletea nini?" Nilipaswa kushtuka kwamba mwenye oda haulizi ameletewa nini. Nikashusha yote. Nikiwa nageuza gari akaja Mama Blandina mwingine, akanishika mkono hadi shambani kwake, akanionyesha mashimo mia nne aliyochimba na dada zake tangu mvua ya kwanza. Hakunifokea. Mama, hapo nilikaa chini kando ya shimo, nikamfikiria mke wangu Tusekile na jinsi nilivyomwahidi kwamba kazi hii sitaipoteza kama ile ya kwanza. Yule mama akaniacha nilie. Kisha akaenda mwenyewe kwa mwenzake, wakazungumza Kihehe robo saa, na miche ikaanza kurudi vichwani mwa akina mama, beseni kwa beseni. Ilipungua kumi na miwili tu. Jua lilipozama mashimo mengi yalikuwa yamejaa, mengine nimeyajaza mimi.

Kwa hayo yote naomba, kwanza, Bwana Kalinga aende Kihesa kila wiki kuimwagilia miche ya kanisani hadi izae. Pili, siku hizo asipewe gari la ofisi, ili naye aonje kuulizia njia. Tatu, ikiwa ofisi haiwezi kumfanya msimamizi asimamie, basi iwahamishe wateja wote wakae kando ya barabara kuu, kwa mpangilio wa alfabeti.

Nisalimie wote wa kitaluni, na mlinzi wa geti aliyenifungulia bila kuniuliza lolote.

Ni mimi niliyefika bila kuelekezwa,
Lusekelo Mwasomola

N.B. Tusekile ameisoma barua hii kabla sijaituma, kisha akaomba simu yangu ausome na ujumbe ambao Bwana Kalinga alinitumia Jumamosi. Umeandikwa: "Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nisubiri getini, tunaenda wote." Mimi saa niliisoma, siku sikuisoma, nikaondoka Jumapili. Kwa hiyo, Mama, popote palipoandikwa Kalinga naomba pasomeke Lusekelo. Kwenye kumwagilia miche pabaki Kalinga, maana yeye ndiye anayeijua njia.