Pumzi ya Namba Kumi na Saba

Jumatatu, Machi 4

Daktari ametangaza leo. Wiki hii tunapima afya ya pomboo wa ghuba nzima. Kila pezi lipigwe picha, kila kidonda cha ngozi kiandikwe. Na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tunakusanya pumzi zao. Pomboo akiibuka anapuliza kupitia tundu la utosini. Unasogeza kisahani kilichofungwa kwenye fito juu ya tundu, mvuke unanasa, unafunika, na maabara inasoma mapafu yake kama gazeti.

Msaidizi wa boti yuko likizo ya uzazi. Kiti kimoja kiko wazi. Mimi ni karani, miaka kumi na moja nimekaa na makabati ya picha za mapezi. Nawatambua pomboo wote mia na nne wa ghuba hii, na sijawahi kulowa hata soksi kazini. Wananiita Mzee wa Mafaili. Jina hilo alilianzisha Darubini, mpiga picha wetu, mtu wa miaka thelathini na moja anayevaa darubini shingoni hata akienda msalani.

Kuna zaidi. Mwisho wa wiki ijayo makao makuu yanateua msimamizi wa kazi za baharini. Ni mimi au Darubini. Mwingine hayupo.

Sharti moja tu. Daktari alisema mwenye kikohozi au mafua asikanyage boti, maana pomboo wanavuta hewa kama sisi na wanaweza kuambukizwa nasi. Akauliza kama yupo mgonjwa. Mimi nakohoa tangu Alhamisi. Nikasema sikohoi, nasafisha koo. Kiti nimepewa.

Mke wangu ni muuguzi. Amesema hicho ni kikohozi. Nimemwambia amezoea wagonjwa, ndiyo maana anawaona kila mahali.

Jumanne, Machi 5

Nimetafuna tangawizi hadi ulimi umekufa ganzi. Na nina mbinu: kikohozi kikija, nafanya kelele nyingine. Ofisini nimeburuta kiti mara tisa. Botini hakuna cha kuburuta, nikawa napiga ndoo mateke. Nahodha aliniuliza ndoo imenikosea nini.

Saa nne tukawakuta. Kumi na wawili, na nyuma yao Namba Kumi na Saba. Tunamwita Bibi Pengo kwa sababu ya pengo kwenye pezi la mgongo. Ana zaidi ya miaka thelathini. Picha yake ndiyo faili la kwanza nililofungua siku niliyoajiriwa. Sasa nilimwona mwenyewe, na amekonda. Nyuma ya kichwa pamebonyea, na kwa pomboo hilo si jambo la kufurahia. Mwanawe alikuwa ubavuni. Wenzake walikwenda moja kwa moja, yeye akaenda kama mtu mwenye kiatu kinachombana.

Darubini alitaka kushika fito. Nikamwambia mpiga picha apige picha. Bibi Pengo aliibuka, akapuliza, harufu ya samaki wa juzi ikanijaa usoni. Kisahani kilikuwa mahali pake barabara. Pumzi ya kwanza katika historia ya kituo, na mshika fito ni mimi.

Nikavuta fito. Nikainama kutazama. Koo likafunguka. Si kusafisha koo. Kikohozi kamili, kilichotoka magotini, moja kwa moja kisahanini.

Darubini alikuwa anabadili lenzi. Nahodha anatazama maji. Daktari anaandika. Nilikuwa karibu kukimwaga, lakini Darubini akainua kichwa na tabasamu lake lile, akauliza kama nimekosa.

Nikafunika. Nikaandika juu yake: Namba 17, sampuli safi.

Alhamisi, Machi 7

Nimelipima jambo hili kwa utulivu. Kisahani kilikuwa na pumzi ya pomboo. Hilo ni kweli. Kwamba kilikuwa na kitu kingine pia ni suala la kiasi. Hakuna kisahani kitupu duniani.

Mke wangu amenisikiliza kifua. Amenipa dawa ya siku saba na kuniambia nikae nyumbani. Nimekubali dawa.

Ijumaa, Machi 8

Majibu ya maabara yamekuja. Namba Kumi na Saba ana vijidudu vya koo la binadamu. Si kidogo. Maabara iliandika neno "tele".

Daktari alisoma mara mbili akiwa amesimama.  Alisema mnyama amekonda, anaogelea vibaya, na sasa tunajua kwa nini: kuna watu wanamsogelea mno, wamemwambukiza. Akafunga ghuba kwa wiki mbili. Boti za wageni zisitoke. Nyavu zisitupwe. Hata sisi wenyewe tusimkaribie, apumzike. Darubini akapewa boti ya kituo azunguke kulinda.

Kisha akanigeukia mbele ya wote. Akasema bila mkono wangu imara tusingejua hatari hii. Makao makuu walipiga simu kunipongeza. Nahodha alinipa mkono. Darubini alinipa mkono pia, na ulikuwa wa baridi.

Hapo ndipo pa kusema, najua. Lakini mtu anasifiwa mara ngapi maishani? Nilisema nilifanya wajibu wangu. Nikaburuta kiti.

Jumamosi, Machi 9

Shemeji alikuja asubuhi kabla sijanawa uso. Kaka wa mke wangu, mwenye boti ya kupeleka wageni kutazama pomboo. Boti imefungwa gatini, wageni wa wiki mbili wameahirisha, na wavuvi wenzake wamekaa juu ya nyavu kavu wakimtukana mtu asiyejulikana aliyemkoholea pomboo. Alisema akimpata atamzamisha mwenyewe. Nilimwongezea chai.

Ndipo ikanijia. Pumzi mpya. Safi kweli safari hii. Nikiipeleka maabara kimya kimya, Bibi Pengo anapona kwenye makaratasi, ghuba inafunguliwa, na mimi ndiye niliyemgundua mgonjwa na ndiye niliyegundua amepona. Shemeji nilimwomba anipeleke kwa boti yake, nikamwambia ni shughuli maalumu ya kituo. Aliuliza kwa nini shughuli maalumu inatumia fimbo ya pazia. Nikamwambia ni nyepesi.

Saa sita mchana tulimpata, peke yake na mwanawe, karibu na mwamba. Nilijifunga kitambaa mdomoni. Nilifunga kifuniko cha bakuli la mke wangu kwenye fimbo. Nikanyoosha mkono, na Bibi Pengo akageuka, mkia ukatoka majini wote.

Nikauona. Mshipi wa kuvulia samaki, umezunguka shina la mkia mara tatu au nne, umezama kwenye nyama, na mwani umeota juu yake. Hana kikohozi huyu. Amefungwa. Anajivuta hivyo sijui tangu lini, na sisi tumeamuru mtu asimsogelee kwa wiki mbili.

Nilijisogeza nione vizuri. Nikasogea zaidi ya boti.

Aliyenitoa majini ni Darubini. Boti ya kituo ilikuwa nyuma ya mwamba. Kabla ya kunitoa alipiga picha kumi na nne, na nasikia zote zimetoka vizuri. Akanifunika koti lake mwenyewe. Hilo sitamsamehe. Kuhusu mshipi sikumwambia neno. Ugunduzi ni wangu.

Jumapili, Machi 10

Nimeandika taarifa tangu asubuhi. "Imebainika kwamba." Imebainika na nani? "Kutokana na uchunguzi wa mbali." Mbali gani, nilikuwa chini ya mkia wake. Nilitafuta sentensi itakayoonyesha mshipi bila kuonyesha boti, fimbo ya pazia wala mimi. Karatasi saba.

Mke wangu alizisoma zote bila kuombwa. Hakupandisha sauti. Aliuliza:

"Huyo mnyama anauburuta huo uzi wakati wewe unatafuta maneno?"

Nikasema taarifa nzuri inahitaji muda.

"Na mwanawe ananyonya bado?"

Nikasema ndiyo.

Akarudi jikoni. Nilivaa viatu.

Daktari nilimkuta nyumbani kwake, ugani, anasugua mabuti yake ya mpira. Picha za Darubini alikuwa ameshaziona. Alinipa ndoo nigeuze nikalie, hakusema karibu. Nilianza na mshipi. Brashi ikasimama. Akauliza upande gani, umezama kiasi gani, mkia unapinda au haupindi. Nilijibu kila kitu. Mafaili yote ya miaka kumi na moja yalikuwa kichwani mwangu. Nikamwambia Januari kwenye picha mkia ulikuwa mzima.

"Lakini maabara imesema ni maambukizi," akasema.

Nikafungua mdomo kueleza, kikatangulia kikohozi. Kirefu. Hapakuwa na cha kuburuta, nilikuwa nimekalia ndoo.

Daktari alisubiri kiishe.

"Kwa hiyo mgonjwa ni wewe."

"Nasafisha..."

"Karani."

"Ni mimi, Daktari. Kisahani nilikikoholea mimi."

Aliiweka brashi chini. Hakunitukana, na ningefurahi kama angenitukana. Alisema Ijumaa aliamuru Bibi Pengo aachwe wiki mbili. Alisema baada ya wiki mbili asingekuwa na mkia. Akaniuliza kama naelewa hilo.

Nilielewa. Lakini nilisimama na kumwambia pia kwamba bila fimbo ya pazia asingejua habari za mshipi hadi leo, na hilo naye alielewe. Akanitazama. Akaniambia niende nikalale.

Jumanne, Machi 12

Wametoka alfajiri kwenda kuukata. Daktari, nahodha, Darubini na wavuvi wawili. Fito ileile, kisahani kimetolewa, mahali pake kisu chenye ncha iliyopinda ndani ili kisimchome. Mimi sikuruhusiwa kupita hata geti la gati. Nilikaa ofisini na redio ya upepo, kazi yangu kuandika saa na kinachosemwa.

Saa mbili na dakika kumi: wamempata. Mbili na ishirini: anakwepa. Mbili na thelathini na mbili: anakwepa. Tatu kasoro tano: mzunguko wa kwanza umekatika. Baada ya hapo redio ilikoroma tu.

Sikukaa. Nilifungua faili la Namba Kumi na Saba nikazipanga picha zake zote juu ya meza, kuanzia siku niliyoajiriwa. Ana watoto wanne humo. Mwaka mmoja ana kovu jipya ubavuni, mwaka unaofuata limefifia. Mnyama huyu nimemwona akizeeka kuliko nilivyomwona mama yangu. Nilikohoa nilivyotaka, hapakuwa na mtu.

Saa tatu na dakika arobaini, sauti ya Darubini. Wote umetoka. Amezama, ameibuka, mwanawe yuko naye. Alikuwa anapumua haraka akisema, na nadhani alikuwa analia. Nikaandika: 3:40, mshipi umetoka. Mwandiko haukuwa mzuri. Kalamu hii ni mbovu.

Jumatano, Machi 13

Ghuba imefunguliwa. Shemeji amejua nani alimkoholea pomboo. Hajanizamisha. Alisema majini nimeshaingia mara moja na hakuona faida yoyote.

Alhamisi, Machi 14

Uteuzi umefika. Darubini. Alikuja mezani kwangu kuniambia mwenyewe kabla tangazo halijabandikwa. Alisema angependa nimsaidie kulinganisha picha za zamani na mpya, maana hakuna anayewajua wanyama hawa kuliko mimi. Alikuwa anasema kweli. Ukiwa unamchukia mtu, hilo ni pigo.

Mimi: barua ya onyo, na miezi sita bila kukanyaga boti. Nimesaini. Chini ya sahihi nimeandika kwamba nakubali barua ila sikubali neno "uzembe", kwa kuwa mtu mzembe asingetafuna tangawizi kiasi kile. Daktari alisoma, akaipiga muhuri hivyohivyo.

Mke wangu ameuliza nimejifunza nini. Nimemwambia mengi. Akasema nitaje moja. Nikamwambia chai inapoa.

Ijumaa, Machi 15

Kifua kimepona. Sikohoi, na safari hii ni kweli.

Leo kuna mzigo umeletwa kutoka ng'ambo. Kipaza sauti cha kuzamisha baharini, cha kusikiliza pomboo usiku na mchana na kujua nani anapumua vibaya. Kitabadilisha kazi yote hii. Atakayekiendesha atakuwa na chumba chake, mlango wake, na jina lake mlangoni. Hakitumii boti, kinatoka gatini kwa waya. Nimesoma barua yangu ya onyo upya. Haisemi lolote kuhusu waya.

Shida ni kitabu cha maelekezo. Kimeandikwa kwa lugha ya kiwandani kilikotengenezwa. Daktari alikigeuza juu chini. Nahodha alikigeuza. Darubini alikiri wazi kwamba hajui hata neno moja, kijana wa watu, hana maarifa ya maisha. Daktari akauliza kwa kukata tamaa kama yupo mtu hapa anayeisoma lugha hii.

Mkono wangu ndio uliokuwa juu.

Alinitazama sana. Akauliza mara ya pili, polepole, kama nina hakika. Nikamwambia nilijifunza ujanani.

Jaribio ni Jumatatu saa tatu. Kitabu ninacho hapa mezani, kurasa mia mbili na kumi. Sijajua bado zinasomwa kutoka kushoto au kulia, lakini picha ziko wazi kabisa, na waya mwekundu bila shaka ndio wa kuanza nao.