Jiwe Lililogoma Kulia

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha zawadi ya darasa letu kwa chuo tulichohitimu. Bibi Ajenda, katibu wetu, akapendekeza mabenchi. Mabenchi! Nikasimama nikawaeleza kuhusu jiwe la shambani kwa shemeji yangu: kubwa kama ng'ombe aliyelala, na ukiligonga kwa nyundo linalia kama kengele. Makofi. Bibi Ajenda akauliza nani atalibeba. Nikasema hilo niachieni mimi.

Kibao cha shaba kitakuwa na jina la mwenyekiti. Mwenyekiti ni mimi.

Jumatano, 5 Juni

Shemeji hataki kulitoa. Anasema ndilo analogonga kuwaita vibarua kula. Nikamwahidi kiti jukwaani, karibu na Makamu Mkuu wa Chuo, tena avae suti yangu ya harusi. Akakubali kabla sijamaliza. Dereva wa winchi akaligonga mara moja kulijaribu. Likalia hadi ng'ombe wakageuza shingo. Nilitokwa machozi kidogo. Vumbi.

Alhamisi, 6 Juni

Jiwe limefika mbele ya maktaba. Fundi akauliza aliweke vipi. Nikamwagiza alizamishe nusu kwenye zege, lisije likaviringika likamponda mwanafunzi. Na pia Bibi Ajenda asije akapata wazo la kulihamisha.

Ijumaa, 7 Juni

Zege limeshika. Nimeligonga jiwe. Likasema ko. Nikazunguka upande wa pili. Ko. Kama kubisha hodi kwa mtu aliyehama.

Mhadhiri wa miamba alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Akanieleza kwa upole kwamba jiwe la namna hii hulia kwa sababu limeegemea mahali padogo tu, mwili wake uko huru kutetema. Ukilifunga kwenye zege umelikaba koo. Nikamwuliza kama litazoea. Akanitazama, akanywa chai, akaenda zake.

Sherehe ni kesho. Kuvunja zege ni kukiri mbele ya Bibi Ajenda. Heri nife. Basi shemeji atajificha nyuma ya ua wa michongoma akiwa na ringi ya gari, kama ile ya kengele ya shule. Makamu akigonga jiwe, yeye anagonga ringi. Shemeji akauliza kiti cha jukwaani kimekwenda wapi. Nikamwambia huko nyuma ndiko kwenye heshima zaidi. Mke wangu akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu hata sherehe ni fupi.

Jumamosi, 8 Juni

Makamu akagonga. Ringi ikalia. Watu wakashangilia. Bibi Ajenda akabaki mdomo wazi, nami nikasikia raha isiyo kifani. Laiti yangeishia hapo.

Lakini Makamu alinogewa, akagonga tena. Shemeji hakuambiwa habari ya mara ya pili. Ko. Kimya. Kisha ringi. Nikadaka kipaza sauti nikasema huo ni mwangwi. Makamu akainua nyundo mara ya tatu, akasita ili apigwe picha, na jiwe likalia kabla halijaguswa.

Bibi Ajenda akaenda taratibu hadi kwenye michongoma, akaipanua. Shemeji, ndani ya suti yangu, jasho linamchuruzika, akamwuliza kwa adabu, "Samahani dada, niendelee au yatosha?"

Makamu alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe.

Jumatatu, 10 Juni

Nimevuliwa uenyekiti. Zege litavunjwa chini ya macho ya mhadhiri, na kibao kitataja darasa zima bila jina la mtu. Bibi Ajenda alinipigia mwenyewe. Akasema hajacheka vile tangu tukiwa mwaka wa kwanza, na kwamba ningemwambia tu ile Ijumaa angekuja na sururu tulivunje pamoja. Hilo limeniuma kuliko cheo.

Mke wangu ameuliza nimejifunza nini. Nimemwambia mengi, hasa kuhusu ringi: hazifai kwa kazi nyeti.

Chekechea ya mwanetu wa mwisho nayo inatafuta zawadi. Kwa mjomba kuna chemchemi ya maji moto. Nimeshamhakikishia mwalimu mkuu kwamba tutaihamisha kwa madumu na itachemka mwaka mzima. Shemeji hapokei simu. Namhitaji sana, ndiye mwenye jiko kubwa la mkaa.