Malalamiko Kuhusu Boksi Lisiloruhusiwa Kufunguliwa

Ndugu Mkuu wa Chumba cha Giza,

Pokea salamu za mtu mzima ambaye nyumba yake haina amani kwa sababu yako, ingawa hujawahi kumwona.

YAH: BOKSI LA FILAMU NA TABU ZAKE

Hatujuani, lakini mpwa wangu ni mteja wako. Ni yule mpiga picha mwenye kamera kubwa ya miguu mitatu, anayejifunika kitambaa cheusi kichwani kama anajifukiza mafua. Kamera yake haitumii filamu ya kuzungusha. Inatumia vipande, kila kipande upana wa kiganja changu, na kila kimoja kina picha moja tu. Akishavipiga huvirudisha kwenye boksi, halafu huvituma kwenu mvisafishe picha zitokee. Safari hii aliitwa kazini mji mwingine kwa haraka, akaniachia mimi mjomba wake boksi pamoja na karatasi yenu ya maelekezo, nilitunze kisha nilipeleke posta. Nadhani alinichagua kwa heshima. Mimi ni mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo, na katika utumishi wangu wote hakuna gunia lililopita mbele yangu bila kufunguliwa. Wahenga walisema ukimchunguza sana bata humli. Mimi nilimchunguza, na nilimla vilevile.

Usidhani nakuandikia kwa kukosa kazi. Ndani ya boksi hilo kuna picha ya dada zangu wawili. Dada Mkubwa na Dada wa Kati hawajasemezana vizuri tangu marehemu mama yetu alipoacha cherehani moja na mabinti wawili. Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye ni binti wa Dada wa Kati, aliwaketisha kwenye benchi moja nyuma ya nyumba akawaomba wasitikisike. Basi katika kule kutotikisika, wakashikana mikono. Niliona kwa macho yangu. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta maji ya kunywa, lakini nilikuwa nalia, nasema bila haya.

Kufika jioni walikuwa wamegombana tena, safari hii juu ya nani aliyetangulia kuunyoosha mkono. Sasa Dada Mkubwa anahamia kwa mwanawe, mbali sana, na ameapa hataagana na mdogo wake mpaka picha ionyeshe mkono wa nani uko juu. Umri wetu sote umekwenda. Wakiachana hivi, naogopa ndiyo basi tena.

Kwa hiyo, malalamiko yangu ni haya:

1. Friji. Karatasi yenu inasema filamu zilizokwisha pigwa zisicheleweshwe, na zikisubiri zikae mahali pa baridi, pakavu, mbali na harufu. Hapa kwetu mahali pa baridi ni pamoja tu, na pana harufu ya samaki. Nilimwomba mke wangu awahamishe. Aliniuliza, kwa adabu iliyonitisha, kama na yeye ahame. Samaki wamekwenda kuhifadhiwa kwa jirani, na jirani anasema wamepungua kwa sababu ya baridi. Sijawahi kupima samaki anayepungua kwa baridi, na nimepima wengi.

2. Maandishi. Mmeagiza tuandike juu ya boksi, kwa herufi kubwa, FUNGUA GIZANI TU. Ndugu yangu, hivi mmewahi kuishi na watu? Kabla sijaandika, boksi lilikuwa boksi. Baada ya kuandika, fundi bomba aliyekuja kutengeneza sinki alitengeneza na friji, ambayo haikuwa mbovu. Jirani alituletea sukari akidai anarudisha aliyokopa, na hakuwahi kukopa. Mtaani inasemekana nafuga kitu. Macho hayana pazia. Kama kweli mlitaka boksi lisiguswe, mngetuagiza tuandike RISITI ZA ZAMANI ZA MAJI.

3. Posta. Karatasi yenu inasema boksi lisipitishwe kwenye mashine ya kumulika mizigo, bali likaguliwe kwa mkono. Mstari wa chini yake unasema lisifunguliwe. Karani wa posta aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza mkono unakaguaje kitu kilichofungwa. Sikumlaumu, maana ningekuwa upande wake wa meza ningeuliza hivyohivyo. Alilitikisa. Alilinusa. Mwishoni alikubali kulipokea iwapo nitatia sahihi kwamba vilivyomo nimeviona mwenyewe. Hapo ndipo uliponifikisha: mimi, ambaye sijawahi kutia sahihi mbuzi kwenye gunia, natakiwa niape juu ya gunia lenye utepe wa gundi pande zote, mfuko mweusi ndani yake, na vifuniko vitatu vinavyomezana. Nimerudi nalo nyumbani, pamoja na fomu ya kutia sahihi, nikifikiri.

4. Wewe mwenyewe. Usichukie. Fundi bomba alitaka kulifungua, jirani alitaka, karani alitaka. Hata mke wangu, aliyesema boksi halimhusu, nilimkuta ameliweka sikioni. Wewe nawe ni binadamu, na wewe ndiye pekee mwenye ruhusa. Nitajuaje kwamba huwashi taa hata kidogo, ili uone tu kama umeshika sawasawa? Mtu anayeomba abaki gizani peke yake na mali ya watu, zamani tulikuwa na jina lake.

Kwa hoja hizo, naomba mojawapo ya haya. Kwanza, msafishe filamu bila kufungua boksi. Ikishindikana, chumba chenu cha giza kiletwe kwa lori, kiegeshwe mbele ya nyumba yangu, nami niketi humo nimekushika mkono wakati wote. Na hilo nalo likishindikana, basi wahusika walizime jua kuanzia mlangoni kwangu mpaka mlangoni kwenu, boksi lipite, kisha waliwashe. Naona ombi la mwisho lina usumbufu kidogo, ila ni kwa siku moja tu.

Wasalimu vijana wako wanaofanya kazi gizani bila kugongana. Msalimu na mama watoto, kama huwa anakuona. Mke wangu anakusalimu, ila usimwulize habari za friji. Dada zangu wote wawili wanakusalimu, kila mmoja kivyake.

Ni mimi mlinzi wa boksi,
Mjomba wa Mpiga Picha
(Mkaguzi Mstaafu wa Mizani na Vipimo)

Nyongeza baada ya sahihi: Asubuhi hii, kabla ya kwenda posta, dhamiri ilinisumbua kuhusu ile sahihi. Niliwaita dada zangu wote wawili wawe mashahidi, nikafungua dirisha tupate mwanga wa kutosha, nikakata gundi, nikatoa vipande kimoja kimoja na kuvikagua mbele na nyuma. Vyote vilikuwepo, visafi, bila mkwaruzo. Picha sikuiona, nikajua hiyo ndiyo kazi yenu. Nikatia sahihi kwa moyo mweupe. Nilikuwa nabandika gundi upya mpwa wangu alipoingia kutoka safari. Aliliangalia dirisha, akaniangalia mimi, akakaa sakafuni. Kisha akatueleza, polepole, kama anaongea na mgonjwa, kwamba filamu ikiguswa na mwanga kabla ya kusafishwa, picha yote hufutika.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Dada Mkubwa alimgeukia Dada wa Kati akamkumbusha habari za utotoni, nilivyokuwa nikifukua maharage kila siku kuona kama yameota, mpaka shamba lote likaoza. Dada wa Kati akasema mama alilia siku ile. Dada Mkubwa akasema hapana, mama alicheka, akaiga alivyocheka. Basi wakaanza kucheka wenyewe, wakaegemeana, hawawezi hata kusimama. Wamekubaliana juu ya jambo moja kwa mara ya kwanza tangu msiba, nalo ni mimi.

Kwa hiyo futa malalamiko yote, pamoja na lile la jua. Boksi jipya atakuletea mpwa wangu kwa mkono wake. Mimi nimepigwa marufuku kulisogelea, na samaki wamerudi. Hivi sasa mpwa wangu yuko nyuma ya nyumba chini ya kitambaa chake, na dada zangu wako kwenye lile benchi. Kutoka hapa dirishani sioni mkono wa nani uko juu, na sijasikia mtu akiuliza.