Nyumba Ndogo, Thamani Haijulikani

Jumatatu, 3 Machi

Tamko la mali la mume wangu (bado ni mume wangu, hadi mahakama iseme vinginevyo) limefika kwa wakili wangu. Kurasa mbili tu! Karakana ya viti. Pikapu mbovu. Akiba ya kuonea huruma. Kisha mstari wa mwisho: “Nyumba ndogo, moja. Thamani haijulikani.”

Wakili ameniambia nishukuru. Mume yuko tayari kuniachia nyumba tunayoishi, yote, mradi nikubali tamko lake ifikapo Ijumaa. Nikilipinga na nikashindwa kuthibitisha, ofa imekufa. Nyumba itauzwa tugawane. Akanisogezea kalamu. Nikamrudishia. Mimi hufundisha semantiki chuoni. Siwezi kusaini neno lenye maana mbili.

Jumanne, 4 Machi

Nimemsomea dada mstari ule. Amecheka hadi akakaa sakafuni. Mwanamume gani, aliuliza, anayekula kiapo kwamba ana hawara, tena akamwandika chini ya pikapu?

Swali la msingi. Kwa upande mmoja, neno huweza kubeba maana yake ya wazi: tofali, bati, mlango. Kwa upande mwingine, bati lina bei inayojulikana. Kisichojulikana thamani yake ni mapenzi. Nimezipima dhana zote mbili kwa utulivu. Ya pili ilinipandisha presha, kwa hiyo ninaelekea kuiamini. Ninafahamu kwamba hiyo si hoja.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia wifi, dada yake mume, nikijifanya naulizia fundi wa mapazia. Hila safi! Wifi hana breki mdomoni. Akasema kaka yake siku hizi kawa mtu mwingine. Haendi karakana kabla hajapita kwenye ile nyumba ndogo yake. Nikauliza, kwa sauti ya kitaaluma, kama ni nzuri. Nzuri jamani, akasema, tena kaipaka rangi ya bluu.

Kucha, bila shaka.

Baadaye nilitambua kwamba alisema “kaipaka”, si “kampaka”. Kiambishi kinaelekeza kwenye jengo. Hata hivyo, wifi hajawahi kuwa makini na ngeli.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemfuatilia. Wigi la dada, miwani myeusi, koti la mvua juani. Muuza magazeti wa kona akaniamkia: shikamoo mwalimu, leo kulikoni? Nikamwambia mimi si mwalimu. Akasema, sawa mwalimu.

Mume alinunua mtama, akaingia uani kwa wifi, akarudisha geti. Nikatega sikio kwenye ufa wa geti. Na nikamsikia! Sauti laini, ambayo sijaisikia tangu fungate: njoo, kipenzi, njoo, usiniogope.

Ningeweza kusukuma geti. Mtafiti mwadilifu angesukuma. Lakini ushahidi ulishatosha kuumiza, na kinachoumiza huwa na uzito wake. Mtama peke yake nimeshindwa kuueleza. Labda mwanamke huyo anapenda uji.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewasilisha pingamizi: kwamba mume anaficha thamani ya nyumba ndogo, pamoja na mkaaji wake. Wakili alinisihi nifute maneno “pamoja na mkaaji wake”. Nilikataa. Alinisihi nifute pingamizi zima. Nilikataa kwa ufasaha zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Mkaguzi wa mahakama ametupeleka sote uani kwa wifi kuhakiki.

Nyumba ndogo ipo. Ni ya bluu. Iko juu ya nguzo. Ina milango mingi, yote ya ukubwa wa kikombe, na kila mlango una njiwa.

Mume akaeleza kwamba aliiunda kwa masalio ya mbao za karakana, akashindwa kuikadiria. Na kwa kuwa wakili wake alimwonya asiache kitu, akaiandika. Mkaguzi akauliza, bila kutabasamu, mkaaji niliyemtaja ni yupi kati ya hawa. Wifi akajishika mbavu: yaani wifi yangu, na digrii zote hizo, ulidhani kaka kaoa tena? Nikamjibu kwamba sikudhani. Nilikuwa na dhana. Tofauti ipo. Hakuna aliyeiona.

Pingamizi limetupwa. Nyumba yetu itauzwa. Nimekaa jikoni, pale dirishani ninaposahihishia mitihani kila muhula, nikajaribu kuwaza mtu mwingine akikaa hapo. Sikuweza. Leo sina dhana.

Alhamisi, 13 Machi

Muujiza! Mume ametuma ujumbe kwa wakili: hataki nihangaike kupanga chumba kwa sababu ya njiwa. Nyumba bado ni yangu, yote. Nisaini tu makubaliano mapya kabla ya saa sita mchana.

Wakili alinibembeleza kama mtoto anayekataa dawa. Saini, mama, saini hapa, mwanangu. Nilikuwa nimeshika kalamu. Nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza. Basi, kwa tahadhari ya kawaida tu, nikasoma tena sentensi ya mwisho: “Ninatoa nyumba hii kwa moyo mweupe.”

Moyo mweupe! Mtu yule, maisha yake yote, hakuwahi kutumia sitiari. Kwa nini leo? Na mweupe kwa maana ipi: usio na kinyongo, au usio na kitu? Nikaomba, kwa heshima zote, ufafanuzi wa maandishi. Wakili akaangalia saa. Nikasema maana haikimbizwi. Akaangalia saa tena, kisha akavua miwani, akafunga faili.

Saa sita imepita. Dada amekubali nikae sebuleni kwake kwa muda, kwa sharti moja: nisimuulize “kwa muda” ana maana gani.

Nimemuuliza.