Cheti Nyuma ya Kiti

Mkurugenzi wetu wa Uhakiki wa Vyeti hakuwa na subira, hakuwa na miwani, wala hakuwa na mwalimu hata mmoja anayemkumbuka. Shahada ya uzamivu alikuwa nayo. Ilitundikwa ukutani nyuma ya kiti chake, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, ili kila mgeni aisome. Yeye aliipa mgongo, kama inavyompasa mtu mwenye shughuli nyingi.

Jumatatu alitutangazia sheria mpya kwa kipaza sauti, ingawa tulikuwa wachache na chumba ni kidogo. Mwenye cheti cha kughushi, jela miaka saba. Atakayemfichua mwenzake, msamaha kamili. Tulipiga makofi kwa mujibu wa ratiba.

Mhalifu wa kwanza alipatikana upesi, maana alikuwa karibu: mama mfagiaji wa ofisi yetu.

"Mama, cheti hiki umekitoa wapi?"

"Kwa fundi mihuri, baba, nyuma ya soko. Mlisema ufagio unataka kidato cha nne. Nina watoto, ningefanyaje?"

"Huna haya! Unalidanganya taifa!"

"Ufagio haujalalamika, baba."

"Utaozea jela! Labda kama una mwenzako wa kumtaja."

Mama akainua macho, akatazama juu ya kichwa cha Mkurugenzi.

"Ninaye. Muhuri wake na wangu ni mapacha, hata ule ufa wa pembeni umo. Chake nakifuta vumbi kila asubuhi."

"Ni mtu mkubwa?"

"Mkubwa, baba. Ana fremu."

Mkurugenzi akasugua viganja kwa furaha. "Karani, mwandike! Jina usinitajie, nisije nikashikwa na huruma. Ashtakiwe, hata awe nani!"

"Hata awe nani, mheshimiwa?"

"Herufi kubwa!"

Mimi ndiye karani, na shule ya jioni ilinifundisha kuheshimu imla. Nilichungulia fremu nisije nikakosea jina, nikapiga chapa. Kwa mujibu wa kifungu, mama akasamehewa, akarudi kwenye ndoo yake.

Mkurugenzi alitia sahihi bila kusoma. Kusoma, husema, ni kazi ya walio chini. Akailamba gundi ya bahasha mwenyewe, akaigandamiza kwa ngumi, akamkabidhi tarishi.

"Mahakamani," akasema. "Mbio!"