Chama cha Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanzisha chama. Wanachama wanne. Wote mimi.

Sababu ni hii. Katika mchezo wetu wa simuni, anayecheza peke yake hana heshima. Anatandika bidhaa nje ya lango la soko, kwenye tope, hapiti hata mbuzi. Kibanda cha ndani hupewa chama tu, na chama ni watu wanne. Nitawatoa wapi watu watatu wa kuaminika? Hawajazaliwa! Mwaka jana nilijiunga na chama kimoja. Kila asubuhi wananiuliza nimeamkaje. Siku ya tano nikatoka mbio. Mtu haulizi hali yako siku tano mfululizo ila ana lake jambo.

Lakini akili ni mali. Mimi ni fundi simu. Mezani nina simu tatu za wateja, zimepona tangu wiki jana. Nimeweka mchezo kwenye kila moja, kwa namba ya mwenyewe, na kuwapa wachezaji majina ya vitu vilivyokuwa mbele yangu. Simu ya mwalimu mstaafu: Bisibisi. Ya mkunga: Gundi. Ya mama mkwe: Koleo. Mimi ni Nyati Pekee, mwenyekiti. Si wizi. Simu ikitengenezwa lazima ijaribiwe.

Kura ya mwenyekiti imepita. Hakuna aliyepinga.

Jumanne, 4 Machi

Kibanda tumepata! Karibu kabisa na kisima, penye watu. Nimemwingiza Farasi wa Shaba kwenye ghala la chama, maana ghala lina kufuli na funguo anazo mwenyekiti. Miezi minane nimemhangaikia farasi yule. Nimekata kuni, nimevuka jangwa, nimeliwa na fisi mara kumi na moja. Nampenda. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Wateja wamekuja kuulizia simu zao. Mwalimu nimemwambia gundi ya kioo haijakauka, aje kesho. Mkunga nimemwambia kifaa kiko njiani, aje kesho. Mama mkwe haambiwi kesho, kwa hiyo nimemtuma mke wangu. Ameuliza simu ya mama inaumwa nini hasa. Nikasema moyo.

Jioni nimemkuta Koleo amesimama mlangoni pa ghala. Najua ni mimi niliyemsimamisha pale. Hata hivyo nimemhamisha.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Wamekuja wote watatu pamoja. Kumbe wamekutana hapo nje, kila mmoja na kisingizio alichopewa, wakalinganisha. Mama mkwe mbele. Nikamtupia shikamoo kabla hajavuka kizingiti. Akaitika marahaba huku anatazama meza, simu tatu zinawaka, wachezaji wangu watatu wanarukaruka ndani.

Akauliza hiki ni nini. Ulimi ukaniteleza, nikasema ni zawadi ya duka kwa wateja wenye subira. Mwalimu akasema maisha yake yote hajawahi kupewa kitu na fundi. Mkunga akauliza unabonyeza wapi ili mtu atembee. Na mimi, mjinga, nikamwonyesha!

Wameondoka nazo. Sasa chama changu kina watu ndani yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya. Upelelezi. Simu yangu haibebi wachezaji wawili kwa wakati mmoja, basi Nyati nimempumzisha na kumtengeneza mwingine: Mpita Njia, kofia pana, uso hauonekani. Nikabisha hodi kwenye chama changu mwenyewe.

Koleo kanifungulia papo hapo. Hakuuliza natoka wapi wala nataka nini. Ala! Ndivyo chama kinavyolindwa? Na Gundi akaniuliza kama nimekula. Nimeanza kuogopa.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya tatu ya upelelezi. Nimejificha nyuma ya mapipa ya kibanda hadi macho yananiuma.

Bisibisi anauza, na mnunuzi akizidisha malipo anamkimbilia kumrudishia. Wa nini huyu? Gundi anawafunga majeraha watu asiowajua, bure. Saa kumi jioni wametandika mkeka kando ya kibanda, wakapiga soga. Mkunga kasimulia pacha aliyezaliwa usingizini, wakampigapiga mgongoni, akapiga chafya. Mwalimu akasema tangu mkewe afariki, hiyo saa kumi ilikuwa inamshinda. Sasa anaisubiri.

Nimecheka mara moja, pale kwenye chafya. Nimeiandika kama ushahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwisha! Kuna sheria sikuisoma. Mwenyekiti asipoonekana siku tatu, funguo za ghala zinahamia kwa mwanachama anayeonekana zaidi. Nyati nimemlaza tangu Ijumaa. Mimi mwenyewe! Kwa mkono wangu! Funguo anazo Koleo. Yaani mama mkwe. Farasi wangu yuko mikononi mwa mama mkwe.

Koleo ametangaza kwa chama chote kwamba kuna farasi ghalani, mwenyewe amepotea. Ajitokeze aseme ni wake, atamchukua, haulizwi kitu.

Haulizwi kitu! Mtego huo unanuka toka mbali. Nikirudi kama Nyati, atataka kujua Nyati ni nani, na nani alimpa namba yake ya simu. Simba naweza kumkabili. Mama mkwe, ng'o.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia mke wangu kwamba betri za simu kama ya mama zinavimba wiki hii, ailete haraka. Akampigia. Jibu la mama: betri haina neno, ila kama fundi ana nafasi, akarekebishe ule mlango alioahidi tangu siku ya harusi.

Mchana mzima nimepiga misumari ya bawaba. Simu ilikuwa mezani, hatua moja tu, na mkono wa mama mkwe juu yake. Anacheza, anacheka. Akanisimulia kuna mgeni kwenye chama chao, maskini, anakaa nyuma ya mapipa hasemi na mtu. Akasema, mwanangu, huyo hana watu.

Nyundo imeangukia kidole cha mguu.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi. Saa kumi waliniita mkekani. Koleo akaja anamvuta Farasi wa Shaba kwa kamba. Akasema mwenyewe hakutokea, wamekubaliana wote watatu wampe Mpita Njia, kwa kuwa anatembea kwa miguu na anaonekana amechoka.

Kwenye kioo vitufe viwili. Pokea. Kataa. Sekunde sitini.

Farasi wangu! Nikanyoosha kidole. Kisha nikajiuliza, kwa nini mimi? Mgeni wa wiki moja? Mtu hakupi farasi hivihivi. Labda amewekewa alama. Labda nikimpanda nitajulikana mimi ni nani. Labda mama mkwe amekaa na mke wangu sasa hivi wanasubiri. Sekunde ishirini. Kumi. Jasho linanitoka.

Nikabonyeza Kataa. Hamnipati!

Mwalimu akasema basi apewe mkunga, ana wagonjwa mbali. Gundi akashukuru, akapanda, akaondoka naye mbio mpaka akapotelea nyuma ya kilima.

Nimelia. Nimemwambia mke wangu ni moshi wa kulehemu.

Jumapili, 16 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Mlango unafunguka vizuri. Akawasimulia wote habari za mgeni aliyekataa farasi. Akasema mtu anayeogopa zawadi hivyo, ujue anawapima wenzake kwa roho yake mwenyewe. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Kisha akaniwekea kipande cha nyama kikubwa kuliko vyote. Nikauliza kwa nini. Mke wangu akanikanyaga, kidole kilekile.

Jumatatu, 17 Machi

Usiku nimewaza, na kosa langu nimeliona. Mpango haukuwa na kasoro hata moja. Nilikosea watu! Mwalimu, mkunga, mama wa watu, wote roho nyeupe, wanagawa vitu. Chama kinataka watu makini, wasiomwamini yeyote, kama mimi.

Na leo bahati imebisha yenyewe. Askari wa kituo cha hapo juu ameleta simu tatu, yake na za wenzake wawili wa upelelezi. Kufika saa tano zote zilikuwa zimepona.

Nimemwambia aje kesho.